Kitanda, mrututu na kikombe cha chai: historia ya kumtunza mtoa damu

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti mwaka 1998, saa nne na ushei asubuhi, bomu lililipuka katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, na karibu wakati huo huo jingine likalipuka Dar es Salaam. Nairobi peke yake watu 213 waliuawa na maelfu wakajeruhiwa, wengi wao kwa vioo vya madirisha. Siku hiyo na siku zilizofuata wakazi wa jiji hilo walipanga foleni mahospitalini, wamekunja mikono ya mashati, wakisubiri zamu ya kutoa damu.

Msiba kama ule haumpi mtu nafasi ya kujiandaa. Kenya wakati huo haikuwa na huduma ya taifa ya damu yenye watoaji wa kudumu. Hospitali nyingi zilitegemea jamaa wa mgonjwa kuja kumtolea ndugu yao. Huduma ya taifa iliundwa baada ya mlipuko huo, na kituo chake cha Nairobi kikajengwa kwa msaada wa Marekani. Miaka michache baadaye, mwaka 2004, Tanzania nayo ilianzisha mpango wake wa taifa wa damu salama.

Historia ya kuongezewa damu imesimuliwa mara nyingi kwa upande wa mgonjwa aliyepona na daktari aliyevumbua. Yule wa tatu, aliyelala kitanda cha pili akinyoosha mkono, husahauliwa. Alikula nini kabla ya kuja? Nani alimshika alipoona kizunguzungu? Na damu aliyoiacha pale ilimrudia baada ya muda gani? Maswali hayo yana historia yake, nayo haikuanza kwa upole.

Chuku na kinyozi

Kuondoa damu mwilini ni jambo la kale kuliko kuitoa kwa ajili ya mwingine. Waswahili wa pwani waliumikwa kwa chuku, pembe iliyobandikwa juu ya ngozi iliyochanjwa, na hadi leo mtu anayetia chumvi maneno huambiwa anapiga chuku. Ulaya kazi hiyo ilifanywa na vinyozi. Mteja alishikishwa fimbo na kuambiwa aikaze ili mishipa ya mkono itokeze. Fimbo hiyo ndiyo inayokumbukwa katika nguzo ya rangi nyekundu na nyeupe mbele ya maduka ya vinyozi. Mpira mdogo anaopewa mtoa damu wa leo aubinye ni mjukuu wa fimbo ile.

Lakini aliyeumikwa alitaka kupona yeye mwenyewe. Fikra ya kuhamisha damu ilikuja baadaye sana. Mwaka 1667 Jean-Baptiste Denis wa Paris alimtia mtu damu ya mwanakondoo. Vifo vilivyofuata viliifanya kazi hiyo ipigwe marufuku nchini Ufaransa. Mwaka 1818 daktari wa uzazi James Blundell, wa London, alianza kutumia damu ya binadamu, hasa kwa wanawake waliokuwa wakitoka damu nyingi baada ya kujifungua. Baadhi yao walipona na baadhi walikufa, na hakuna aliyejua kwa nini, mpaka Karl Landsteiner wa Vienna alipoonyesha mwaka 1901 kwamba damu za watu ni za makundi tofauti yasiyopatana yote.

Hata baada ya makundi kujulikana, mtoa damu aliendelea kuumia. Damu iliganda upesi mno, hivyo ilipaswa kupita moja kwa moja kutoka mtu hadi mtu. Mwaka 1908 mjini New York, daktari mpasuaji Alexis Carrel aliitwa usiku kuokoa mtoto mchanga aliyekuwa akivuja damu. Aliukata mshipa wa kifundo cha mkono wa baba, ule unaopiga, akaushonea kwenye mshipa wa mguu wa mtoto. Mtoto alipona. Baba alibaki na kovu, na mshipa ule haukufanya kazi tena. Kwa njia hiyo mtu hangeweza kutoa damu mara nyingi maishani: mishipa ya aina hiyo ina hesabu.

Mambo yalibadilika mwaka 1914 na 1915, pale madaktari wa Brussels, Buenos Aires na New York walipogundua kwamba chumvi iitwayo sitrati huzuia damu isigande. Sasa iliweza kukusanywa chupani na kubebwa. Mwaka 1917, nchini Ufaransa, daktari wa jeshi la Marekani Oswald Robertson alihifadhi damu katika masanduku yenye barafu nyuma ya uwanja wa vita. Askari waliotoa damu katika vita hivyo mara nyingi walizawadiwa siku za ziada za likizo, na kwa mtu aliyekuwa akiishi kwenye mahandaki, hakuna malipo yaliyozidi hayo.

Nyumba ya Bwana Oliver

Mtu wa kwanza kulichukulia jambo la mtoa damu kuwa kazi yenyewe hakuwa daktari. Percy Lane Oliver alikuwa katibu wa tawi la Msalaba Mwekundu la Camberwell, kusini mwa London. Mwaka 1921 hospitali ya King's College ilipiga simu kuomba mtu wa kumtolea damu mgonjwa mahututi. Oliver na wenzake walikwenda, na mmoja wao akachaguliwa kwa kuwa damu yake ilipatana na ya mgonjwa. Kutokana na safari hiyo Oliver alianza kuandika majina ya watu walio tayari kuitwa saa yoyote. Daftari, simu na ofisi vyote vilikuwa nyumbani kwake, na mkewe alishiriki kazi hiyo usiku na mchana.

Wito ulikuwa haba miaka ya mwanzo, kisha ukaongezeka mpaka nyumba ikawa kama kituo cha zimamoto. Oliver hakuwalipa watu wake, lakini aliwalinda kwa ukali. Walipimwa afya na kundi la damu kabla ya kuitwa, na kila utoaji uliandikwa ili mtu asiitwe tena upesi mno. Alisisitiza pia kwamba madaktari watumie sindano badala ya kupasua ngozi kuutafuta mshipa, tabia iliyokuwa ya kawaida wakati ule. Daktari mpasuaji Geoffrey Keynes, aliyeandika kitabu cha utiaji damu mwaka 1922, alimuunga mkono. Inafaa kukumbukwa kwamba sharti hilo, ambalo leo kila mtu analiona la kawaida, lilidaiwa na karani.

Oliver alifariki mwaka 1944, miaka miwili kabla ya Uingereza kuunda huduma yake ya taifa ya damu. Kufikia hapo vita vya pili vya dunia vilikuwa vimekwisha kuigeuza kazi yake kuwa ya mamilioni.

Sukari kwa kadi

Vita vilipoanza Septemba 1939, London ilikuwa na bohari nne za damu, zilizowekwa nje kidogo ya jiji kwa kuhofia mabomu. Bohari ya Slough iliongozwa na daktari Janet Vaughan. Chupa zilikuwa za umbo la chupa ya maziwa, zimebanwa kiunoni ili zishikike vizuri, na magari ya kuuzia aiskrimu yalitumika kusafirisha damu kwa kuwa yalikuwa na ubaridi tayari.

Ni katika vyumba vya wakati huo ambamo utaratibu unaojulikana leo ulikomaa: kulala kitandani, kupumzika baada ya sindano kutolewa, kisha kikombe cha chai tamu na biskuti. Kwa msikilizaji wa leo hilo laweza kuonekana ni adabu tu ya Waingereza. Lakini sukari ilianza kugawiwa kwa kadi nchini humo Januari 1940, na majani ya chai Julai mwaka huo huo. Kikombe kile kilikuwa na uzito wake.

Marekani nako Msalaba Mwekundu ulikusanya zaidi ya painti milioni 13 za damu wakati wa vita. Watoaji waliambiwa wasile vyakula vya mafuta saa chache kabla ya kufika, na sababu haikuwa afya yao: mafuta hutia ukungu ule umaji wa damu, plazma, uliokuwa ukikaushwa na kupelekwa vitani. Tangu hapo mashauri ya kujiandaa yamekuwa ya aina mbili, yanayomlinda anayetoa na yanayoilinda damu yenyewe, na mara nyingi mtoa damu hakuambiwa lipi ni lipi.

Vita hivyo pia ndivyo vilivyowafanya wataalamu wauchunguze mzirai. Mwaka 1944 Henry Barcroft na wenzake waliwatoa damu watu waliojitolea mpaka wakazimia, huku wakipima mtiririko wa damu mikononi mwao. Waligundua kwamba wakati wa kuzirai mishipa ya damu ndani ya misuli hupanuka ghafla, damu ikatuama huko, na shinikizo lake likaporomoka. Ubongo hukosa damu kwa muda mfupi na mtu huanguka. Ndiyo maana aliyezirai hulazwa chali na miguu kuinuliwa, na kumkalisha kitini hakumsaidii.

Maarifa hayo yalichukua miongo minne kuzaa dawa nyepesi. Katika miaka ya 1980 mwanasaikolojia wa Sweden, Lars-Göran Öst, aliwafundisha watu wanaozimia kwa kuona damu kukaza misuli ya mikono, miguu na tumbo, kisha kuilegeza kidogo, na kurudia. Baadaye watafiti wa Marekani waliwafundisha hivyo hivyo watoa damu. Mwaka 2004 utafiti wa jimbo la Ohio ulionyesha kwamba anayekunywa nusu lita ya maji muda mfupi kabla ya sindano hupatwa na kizunguzungu kidogo kuliko asiyekunywa. Maji na kukaza misuli ni vitu visivyogharimu senti, na vingeweza kujulikana tangu siku za Oliver.

Tone ndani ya mrututu

Swali la nani ana damu ya kutosha lilijibiwa kwa kitu ambacho watu wa pwani walikijua dukani miaka mingi: mrututu, ile dawa ya buluu ya vidonda. Katika miaka ya vita Robert Phillips na Donald Van Slyke wa Marekani walitengeneza kipimo cha maji ya mrututu yenye uzito maalumu. Tone la damu kutoka kidoleni hudondoshwa ndani. Likizama, damu ni nzito na wekundu wake unatosha. Likielea, mtu hushukuriwa na kurudishwa nyumbani. Vituo vingi sasa vina mashine ndogo, lakini tone na mrututu havijatoweka.

Mwaka 1942 Willis Fowler na Adelaide Barer, wa jimbo la Iowa, waliwafuatilia watu waliotoa damu na kuona kwamba wekundu wa damu ulichukua kama wiki 7 kurudi ulipokuwa. Waliopewa vidonge vya chuma walirejea upesi zaidi. Jambo hilo liliandikwa na kuchapishwa, kisha kwa miaka mingi likawekwa kando, kwani kila huduma ilihitaji chupa nyingi zaidi.

Mwili hurudisha alichotoa mtu kwa mwendo wa namna tatu. Umaji wa damu hurudi ndani ya siku moja au mbili, mradi mtu anakunywa vya kutosha. Chembechembe nyekundu huchukua wiki kadhaa. Chuma ndicho kinachochelewa: katika painti moja huondoka miligramu 200 hadi 250, na chakula hurudisha kidogo kidogo. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofanywa kwa watoa damu 215. Theluthi mbili ya wale ambao hawakupewa chuma walikuwa bado hawajairudisha akiba yao baada ya siku 168, wakati sheria ya nchi hiyo inamruhusu mtu kurudi baada ya siku 56. Uingereza nako utafiti wa watu wapatao 45,000, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba kuwaita watu mara nyingi zaidi kulileta damu zaidi, na kukawaacha wengi wao na chuma kidogo mwilini.

Hapa kuna kinaya kidogo. Chai, iliyokuwa alama ya shukrani tangu siku za vita, huzuia mwili usifyonze chuma cha mboga na nafaka kinapoliwa pamoja nayo. Ikinywewa kitandani kwa mtoa damu haina neno. Lakini nyumbani, sahani ya maharage au mchicha hufaa zaidi ikisindikizwa na chungwa au ndimu, na chai ikangoja saa moja au mbili. Maini na nyama hutoa chuma chao kwa wepesi zaidi.

Mumiani

Afrika Mashariki sindano ya mtoa damu iliingia katika nchi iliyokuwa tayari na hadithi yake. Neno mumiani limo katika kamusi ya Ludwig Krapf iliyochapishwa mwaka 1882. Asili yake ni dawa nyeusi kama utomvu iliyoletwa kutoka ng'ambo. Kisha watu wakaanza kusema kwamba inatengenezwa kwa damu ya binadamu, na jina likahamia kwa wale waliodaiwa kuwakamata watu usiku. Nairobi na Kampala walitajwa wazimamoto, Katanga batumbula, na bara Tanganyika wachinjachinja. Mwanaanthropolojia William Arens, aliyeishi Mto wa Mbu mwishoni mwa miaka ya 1960, alishukiwa kuwa mmoja wao.

Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alikataa kuzichukulia habari hizo kama ujinga. Kwa maoni yake zilikuwa njia ya watu kusema juu ya utawala uliochukua nguvu zao bila kueleza zinakokwenda. Na kwa kweli, ukisikiliza masimulizi ya mumiani, utaona kwamba kila kitu ndani yake ni kinyume cha chumba cha kutolea damu: aliyekamatwa hakuulizwa, hakupimwa, hakulazwa kitandani, hakupewa kitu cha kunywa, wala hakutoka mlangoni akitembea. Kwa jirani mwenye mashaka, kumwona mwenzake akirudi jioni mzima, na plasta mkononi, kulisema mengi kuliko bango lolote.

Ukimwi uliongeza hofu nyingine katika miaka ya 1980, safari hii yenye msingi, kwa kuwa damu isiyopimwa iliambukiza kweli. Kipimo kilipatikana mwaka 1985. Mtoa damu hawezi kuambukizwa kwa sindano mpya, lakini kwa wengi kutoa na kupewa vilichanganyika kuwa hatari moja.

Waliorudishwa mlangoni

Wapo waliokuja wamejiandaa na wakakataliwa. Mwaka 1941 Msalaba Mwekundu wa Marekani ulianza kukusanya damu kwa ajili ya jeshi bila kuwapokea weusi. Mwaka 1942 ukawapokea, lakini chupa zao ziliwekwa mbali na za weupe mpaka mwaka 1950, ingawa Charles Drew, daktari mweusi aliyekuwa ameongoza mpango wa kupeleka plazma Uingereza mwaka 1940, alisema wazi kwamba sayansi haikuwa na hoja hiyo. Mwaka 1990 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo iliwazuia kwa ujumla watu wa Haiti na wa Afrika kusini mwa Sahara, na maelfu waliandamana mjini New York kupinga. Katazo la Haiti liliondolewa mwaka huo huo.

Uingereza ilikuwa na swali lake, lililomzuia kwa muda mtu aliyekuwa na mwenzi kutoka sehemu za Afrika zenye Ukimwi mwingi. Liliondolewa mwaka 2021. Sababu moja ni hesabu: aina ndogo ya damu iitwayo Ro, inayohitajiwa sana na wagonjwa wa selimundu, hupatikana kwa zaidi ya nusu ya watoa damu weusi nchini humo, na kwa asilimia 2 hivi tu ya wengine. Malaria bado humfanya msafiri aliyetoka Mombasa au Kigoma angoje miezi kadhaa au apimwe zaidi, na hilo lina sababu ya kitabibu.

Oman, ambako wenye chembe ya selimundu ni wengi na wagonjwa wengine hutegemea damu ya watu maisha yao yote, mwezi mgumu ni Ramadhani. Wanazuoni wametofautiana tangu zamani kama kuumika kunafunguza, na mjadala huo ukahamia kwenye utoaji damu. Daktari anaangalia jambo jingine: mwili wa mfungaji alasiri hauna maji ya kutosha. Hivyo vituo vya Ghuba huhamishia kazi yake usiku, baada ya futari, na waumini hupitia hapo kabla au baada ya tarawehe.

Kenya na Tanzania sehemu kubwa ya damu imekuwa ikitoka kwa wanafunzi wa sekondari na vyuo. Shule zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, vituo vilipungukiwa mara moja. Ni wepesi kuwafikia na damu yao mara nyingi ni salama, lakini ni hao hao, vijana wanaotoa kwa mara ya kwanza, ambao huzirai zaidi kuliko watu wazima, na wasichana wengi kati yao huanza wakiwa na chuma kidogo. Baada ya sindano mwanafunzi huonyeshwa pa kukaa, hupewa soda na biskuti, na huambiwa asiondoke kwanza. Tarehe ya kurudi huhesabiwa kwenye kadi yake: miezi 3 mbele kwa mvulana, minne kwa msichana.